Chatu anaweza gemu, ila siyo kila gemu

  Wiki hii naomba wale wa mambo ya mapenzi mnivumilie. Barua zenu ninazo, droo imejaa, tena nyingine zinanukia manukato, lakini kuna kijana mmoja wa Tandika kaniletea kesi iliyonikalisha macho kuliko kesi zenu za kufumaniana.

Barua yake ndefu, nitaikata. Anasema: "Anko, shikamoo. Nina miaka 20, nimemaliza kidato cha sita, nimejifunza Python mwenyewe kwa miezi minane. Natengeneza gemu la bodaboda. Bodaboda inakimbia, unakwepa mashimo, kuku, daladala zinazochomekea na trafiki. Sasa kuna jamaa hapa kijiweni yupo chuo, kaniambia napoteza muda, Python ni ya watoto, gemu la kweli linaandikwa kwa C++. Na kweli gemu langu linakwamakwama. Laptopu alininunulia broo. Kasema ikifika Desemba sijamwonyesha kitu cha kuonekana anaiuza, na mimi nahamia dukani kwake Kariakoo kupanga mabegi. Anko, niache Python nianze upya? Au niiuze mwenyewe nitafute mashine yenye nguvu?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza usiuze kitu chochote. Sasa tuongee.

Kwa msomaji ambaye ameshaanza kujiuliza chatu kaingiaje kwenye kompyuta: Python ni lugha ya kuiambia mashine cha kufanya. Aliianza Mholanzi mmoja, Guido van Rossum, kule Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989, akaitoa hadharani mwaka 1991. Jina wala hakulitoa kwa nyoka, alilitoa kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Sifa yake ni kwamba haina makuu. Ukitaka iandike salamu kwenye skrini, mstari mmoja tu, basi. C++ kwa kazi hiyohiyo itakutaka utambulishe ukoo mzima kwanza, mabano ya kufungua, mabano ya kufunga, nukta mkato, na ukisahau kimoja inakutukana ukurasa mzima. Ndiyo maana wanaoanza wanapelekwa kwa Python.

Yule msomi wa kijiweni naye tumpe haki yake, hajadanganya yote. Python ni nzito. Mmewahi kwenda mkutano wa hadhara ambao mgeni anaongea Kizungu na pembeni yupo mkalimani? Mgeni anasema sentensi, anasubiri, mkalimani anatafsiri, watu wanaitikia, mgeni anaendelea. Hotuba ya nusu saa inakula saa nzima. Python iko hivyo. Kati ya kodi yako na mashine kasimama mkalimani (kodi ninayosema ni maandishi ya programu, siyo ya mwenye nyumba, tulia). C++ yenyewe hotuba nzima inatafsiriwa usiku kabla ya mkutano. Siku yenyewe mashine inasikia lugha yake moja kwa moja. Kwa kazi za kuhesabu tupu C++ inaweza kuiacha Python mara makumi kwa makumi. Hilo halina ubishi, na anayekubishia hajawahi kuzipima.

Na gemu bwana halina subira. Ili jicho lione bodaboda inateleza vizuri, picha huwa inachorwa upya mara 60 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe, kila picha inapata milisekunde 16 na ushee. Ndani ya muda huo mashine isome umebonyeza nini, isogeze kila kinachotembea, iangalie nani kamgonga nani, ichore, halafu ianze upya. Ikichelewa kidogo tu, jicho linashtukia.

Penye nani kamgonga nani ndipo penye mtego. Weka vitu 200 uwanjani, kila kimoja kikaguliwe na kila kingine, unapata jozi 19,900. Python inazimeza, japo kwa jasho. Weka 1,000, jozi zinakuwa 499,500, na hiyo ni picha moja tu kati ya zile 60! Hapo Python inakaa chini inaomba maji.

Basi nikamuuliza kijana, barabarani kwako kuna vitu vingapi kwa wakati mmoja? Akanijibu: trafiki mmoja, daladala tatu, kuku sita, mashimo kama kumi na mawili. Jumla 22. Tena kuku na shimo hawana kesi, kinachokaguliwa ni bodaboda peke yake dhidi ya hao 22. Jamani! Hesabu ya mara 22 kwa milisekunde 16, hiyo hata mashine iliyochoka inaifanya huku imelala. Sasa gemu linakwama kwa nini?

Nilimwambia anitumie faili lake. Nimelisoma jioni moja nikiwa na chai yangu, na mchawi nimemwona kabla chai haijapoa. Ule mstari unaokwenda kwenye diski kuchukua picha ya barabara, kijana kauweka ndani ya mzunguko. Maana yake kila picha moja inapochorwa, mashine inakwenda diski, inafungua faili lilelile, inalisoma upya, inarudi. Mara 60 kwa sekunde, au ijaribu kufikia hizo 60 ikishindwa. Ni sawa na mama ntilie ambaye kila mteja akiagiza ugali anatoka mbio sokoni kununua unga wa sahani moja. Utamlaumu sufuria?

Kulikuwa na jingine dogo. Anatumia Pygame, ile maktaba ya kutengenezea magemu kwa Python iliyoanza mwaka 2000. Pygame ina amri inaitwa convert, inaigeuza picha iwe katika mpangilio uleule wa skrini. Unaiita mara moja tu mwanzoni, baada ya hapo kuchora kunakuwa chapuchapu. Yeye hakuiita kabisa, kwa hiyo kila mchoro mashine ilikuwa inageuza upya.

Nikamwandikia: toa mstari ule nje ya mzunguko, ita convert, jaribu. Saa tano usiku simu inalia: "Anko, inateleza kama imepakwa mafuta!" Laptopu ni ileile, lugha ni ileile. Na nadhani yule msomi angempa C++ huyu kijana, angeuweka mstari uleule palepale, na gemu lingekwama kwa Kizungu.

Tena kuna siri ambayo watu wa kijiweni hawaisemi. Ndani ya Pygame, kazi ya kubeba matofali haifanywi na Python. Inafanywa na SDL, ambayo imeandikwa kwa lugha ya C, ndugu wa damu wa hiyo C++ wanayoisifia. Python yeye ni msimamizi wa ujenzi mwenye kofia, ananyoosha kidole tu: hii weka hapa, ile toa pale. Msimamizi akiwa mpole siyo tatizo. Tatizo linakuja akivua kofia akaanza kubeba matofali mwenyewe, mfano kuhesabu rangi za kila nukta ya skrini moja moja. Usifanye hivyo.

Sasa mtaniuliza, wakubwa nao wameitumia? Wameitumia. Na hapa nina stori ambayo itawapendeza zaidi sisi wa Kiswahili. Mwaka 2005 Wamarekani walitoa gemu linaitwa Civilization IV, unajenga taifa kutoka enzi za kuwinda mpaka kwenda angani. Sehemu ya matukio na kanuni zake iliandikwa kwa Python, na kila mwenye kulinunua aliweza kuzifungua akazichezea apendavyo. Ukiliwasha tu, unakaribishwa na kwaya inaimba Kiswahili! Wimbo unaitwa Baba Yetu, ni Sala ya Bwana, muziki wake katunga Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 ukachukua tuzo ya Grammy, wa kwanza kuichukua kati ya nyimbo zote zilizotungwa kwa ajili ya gemu. Kwa hiyo Python na Kiswahili walishakutana gemu moja siku nyingi, na wakati huo mwandishi wa barua hii hata kuzaliwa hakujazaliwa au alikuwa mgongoni.

Kuna na EVE Online ya watu wa Iceland, mwaka 2003, gemu la vyombo vya angani ambalo maelfu wanacheza pamoja kwenye ulimwengu mmoja. Mantiki yake imeegemea Python kinoma. Januari 2014 vita vyake vikubwa kabisa vilipigwa zaidi ya saa 20, na chanzo chake, msicheke, ni kundi moja ambalo malipo ya kushikilia eneo lao hayakwenda. Kodi ya mwenye nyumba hasa! Watu walivyofurika, ikafanya kile ilichotengenezewa kufanya seva inapozidiwa: muda wenyewe ndani ya gemu ukapunguzwa hadi asilimia 10 ya mwendo wa kawaida. Risasi inapigwa, unakwenda kunywa chai, unarudi bado iko njiani.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia lakini. Kwenye magemu hayo, injini ya kuchora imeandikwa kwa C++. Python ilikuwa kichwa, miguu ilikuwa ya mwingine. Kijana akija na ndoto ya mbio za magari yenye pande tatu, yanang'aa kama ya kwenye PlayStation, kwa Python tupu nitamwambia mwanangu, hapana. Hata dukani kwa kaka yako kuna begi la shule na begi la safari.

Niwapeleke kwenye begi lake. Chukua bao. Nasema bao la Kiswahili, lile wazee wanalocheza huku wanatukanana kwa heshima. Mashimo 32, kila mmoja ana 16 yake katika safu mbili, kete 64. Unapoanza, kila mchezaji anaweka kete 10 ubaoni, sita ndani ya nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zinabaki mkononi. Kwa Python ubao mzima ni orodha ya namba 32, mstari mmoja. Kutembeza kete ni mzunguko mfupi: toa shimoni, gawa moja moja, ukiishia penye shimo tupu umelala. Hakuna anayehitaji picha 60 kwa sekunde hapo, mzee akifikiria anaweza kuchukua dakika tatu na bado akakwambia usimharakishe. Kigumu cha bao ni kanuni zake, kula, kutakata, lini nyumba inavunjwa na lini inalala, na kuandika kanuni ndiyo kazi Python iliyoumbiwa. Kanuni unaisoma kwenye kodi karibu kama unavyomsikia mzee akiisema.

Bao hilo ukitaka lijue kucheza lenyewe, mashine iangalie kete sita saba mbele, hapo mkalimani wetu ataanza kuhema tena. Sawa, mchezaji asubiri sekunde mbili. Wazee wamesubiri zaidi.

Drafti hivyohivyo, karata hivyohivyo, maswali na majibu, na magemu ya hadithi. Hayo ya hadithi yana chombo chake kimejengwa kwa Python, kinaitwa Ren'Py, kipo tangu 2004. Unaandika maongezi, unaweka picha, mchezaji anachagua jibu, hadithi inageuka. Mwaka 2017 lilitoka moja linaitwa Doki Doki Literature Club, linaanza kama mapenzi ya shule halafu linageuka la kutisha, likachezwa na mamilioni. Mimi nikiangalia hii droo yangu ya barua zenu nawaza, kumbe nimekalia gemu! Binti kaandikiwa na wawili, mmoja ana gari, mmoja ana maneno. Bonyeza hapa kama unamchagua mwenye gari.

Turudi Tandika. Watu wote kwenye kesi hii wanagombania mbio, Python inakimbia, Python haikimbii, na hakuna hata mmoja aliyeuliza jambo ambalo broo ataliuliza dakika ya kwanza. Broo ana duka. Broo hana muda wa kukaa mbele ya laptopu. Broo atasema, "Lete kwenye simu nione." Hapo, mwanangu, ndipo penye shughuli.

Gemu la Python kwenye laptopu yako linakwenda. Kumpa mwenye kompyuta mwingine ambaye hana Python, unalifunga pamoja na mkalimani wake ndani, faili linavimba, lakini linakwenda. Kwenye simu ya Android ndiyo kidogo tuvumiliane. Njia zipo, na toleo la 3.13 la Oktoba 2024 ndilo la kwanza Python yenyewe kuitambua Android rasmi, ila kuhamisha gemu la Pygame mpaka likawa programu ya simu isiyogoma ni kazi ya kukutoa mvi ukiwa na miaka 20. Na hapa kwetu wachezaji wako wapi? Kwenye daladala, mkononi, chaji asilimia 14. Simu ndiyo uwanja.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huu, na msomi wa kijiweni akitaka aje ofisini tubishane. Python usiiache, malizia hili la bodaboda lilivyo kwenye laptopu. Usiongeze hata kuku mmoja. Gemu lililokwisha la kuku sita linalishinda gemu la kuku mia lisilokwisha. Likikwisha, lihamishie Godot. Hiyo ni injini ya bure kabisa, ilianzishwa na vijana wawili wa Argentina, mwaka 2014 wakaifungua kwa kila mtu. Lugha yake inaitwa GDScript, na ukiitazama utadhani ni mdogo wake Python, mistari inasogezwa ndani vilevile, haina makuu vilevile. Miezi yako minane haitupwi hata siku moja, kwa sababu ulichojifunza siyo kuandika neno "if", ni kujua mzunguko unaanzia wapi na nini kisiwekwe ndani yake. Injini yenyewe ni C++ kwa ndani, kwa hiyo matofali yanabebwa na wenye mabega, na inakutolea faili la Android moja kwa moja. Ukiifungua, chagua ule mtindo wa kuchora uliowekwa kwa mashine dhaifu, unaitwa Compatibility, hiyo laptopu yako itakushukuru.

Halafu piga hesabu ya siku kabla Desemba haijakukuta. Kumpa broo faili mkononi ni bure na ni siku hiyohiyo. Kuliweka kwenye duka la Google ni dola 25, unalipa mara moja tu, lakini kwa akaunti mpya ya mtu binafsi wanataka kwanza watu 12 walijaribu kwa siku 14 mfululizo, kwa utaratibu waliouweka Desemba 2024. Wiki mbili hizo hazinunuliki. Watu 12 hawakosekani kijiweni, na wa kwanza kumwandika mwandike yule msomi wa C++, ana macho makali, atakutafutia kasoro bila kumlipa.

Wanaoniuliza kuhusu lugha nyingine za kuanzia, ipo Lua ya Wabrazili, mwaka 1993, nyepesi kuliko Python. Balatro, lile gemu la karata la mwaka 2024, mtu mmoja wa Canada aliliandika kwa Lua, na kufikia Januari 2025 nakala zaidi ya milioni 5 zilikuwa zimeuzwa. Ya karata, mnanisikia? Wadogo zenu wa darasa la nne wapeni Scratch, ni bure, wanapanga vipande kama matofali ya kuchezea.

Na wewe wa Tandika, siku ya kumwonyesha kaka yako usimwonyeshe kodi. Wala usimwambie neno Python. Mpe simu mkononi, mwache agonge kuku wa kwanza mwenyewe, halafu nyamaza. Akisema "ngoja nirudie," nenda kamnunulie soda.

Wiki ijayo zamu ya yule dada wa Kinondoni ambaye mchumba wake ana simu tatu na zote hazina salio. Leteni maoni.